Maneno Kumi ya Seif Mwinyimadi

Kwa miaka minne Seif Mwinyimadi aliandika jina langu kwenye karatasi ya wapiga kelele mara mia moja themanini na sita. Idadi hiyo sikuibuni. Karatasi zote alizitunza kwenye faili, kwa tarehe, na siku alipomaliza ukiranja alimkabidhi mwalimu wa nidhamu faili hilo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi nchi.

Viranja wengine walikuwa binadamu. Unampa kiranja nusu pakiti ya biskuti, naye anapatwa na usahaulifu wa ghafla. Seif hakumsahau mtu. Jioni moja, wakati wa kujisomea, alipiga chafya tatu mfululizo, darasa likacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya langu. Kesho yake asubuhi tukachapwa pamoja mstarini, fimbo nne nne. Tulipokuwa tunarudi darasani, kila mmoja kajishika nyuma, nilimwambia, "Seif, wewe ni mgonjwa."

"Si nilipiga kelele, Wilfred? Ningefanyaje?"

Hayo yote ningemsamehe. Lakini mwezi wa tano, tukiwa kidato cha nne, aliniandika Ijumaa na adhabu ikaangukia Jumapili ya wazazi. Mama yangu alikuja kutoka nyumbani kwetu, mtaa wa Picha ya Ndege, na hotipoti ya pilau, akaambiwa mwanao anadeki vyoo. Akakaa chini ya turubai saa nzima akinisubiri, kisha akawagawia pilau watoto wa watu. Niliwaona wakila kupitia dirisha la choo. Seif naye aliitwa, akala. Halafu akaniletea kipande cha nyama juu ya mfuniko. "Nimekubakizia," akasema. Nyama ile niliila, na wakati naitafuna niliapa.

Shule yetu ni ya bweni, iko Kibaha, na sitaitaja jina kwa sababu cheti changu bado hakijatoka. Ni miongoni mwa shule zinazofundisha Kichina. Mwalimu wetu aliitwa Ponsiano, mtu mpole kutoka Rukwa, ambaye mwenyewe alijifunza Kichina ukubwani na kwa haraka. Alijua salamu, tarakimu, vyakula na hali ya hewa. Zaidi ya hapo alisahihisha kwa rula. Kila herufi ya Kichina ilitakiwa ikae ndani ya kisanduku chake, isipitilize mstari. Ikikaa sawa, anaweka tiki. Kwake herufi ilikuwa kama mwanafunzi: ikitulia mahali pake haina tatizo, hata kama hajui inawaza nini.

Mwezi wa kumi kikaja kiwanda. Kiwanda chenyewe kiko Zegereni, kinatengeneza vigae, na meneja wake, Bwana Gao, aliandika barua kwamba anataka mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne wa kupelekwa China miezi sita kujifunza kuendesha tanuru, kisha arudi kwenye ajira ya kudumu. Shule ilete watatu, atachagua mmoja. Matokeo ya mtihani hayahitaji. Mashine anaweza kufundishwa mtu yeyote, alisema, lakini tabia mtu huja nayo kutoka kwao. Kwa hiyo kila mmoja aje na maneno kumi yanayoeleza tabia yake, yameandikwa kwa mkono kwa Kichina, na ayaseme mbele yake bila kusoma.

Maneno yenyewe hayakuwa ya kutafutwa mbali. Shule ina fomu ya kumaliza, imeandikwa kwa Kiingereza, na ukurasa wa pili una orodha ndefu ya sifa ambazo mwalimu wa nidhamu humwekea tiki kila anayeondoka. Wengi hupata nne au tano, tena kwa huruma. Mimi nilipata mbili: msafi na mchangamfu. Seif aliwekewa tiki ukurasa mzima, ikabidi apunguziwe zibaki kumi.

Alinifuata maktaba. Kamusi ya Kichina ilikuwa moja shule nzima, zawadi ya wageni fulani, na ilifungiwa kabatini. Kiranja wa maktaba nilikuwa mimi. Simu bwenini hazikuruhusiwa, na Seif alikuwa mtu pekee ambaye kweli hakuwa nayo.

"Wilfred, naomba kamusi."

"Haitoki nje. Ni kanuni. Na wewe ni mtu wa kanuni."

Akatafakari, akaona nina haki. "Basi nisaidie wewe. Kichina unakiweza kuliko sisi wote."

Hilo lilikuwa kweli, na nalisema bila majivuno. Nilikipenda Kichina. Seif alikuwa na kipaji kingine: kukariri. Ukimpa ukurasa leo, kesho anakusomea akiwa amefumba macho, pamoja na namba ya ukurasa. Alichokosa ni kujua ukurasa unasema nini.

"Hii nafasi naihitaji," akasema, akavuta kiti. "Mtihani wa mwisho najijua. Hesabu za majaribio nilipata jina na namba ya mtihani, hivyo viwili nina uhakika navyo. Kiingereza ndiyo kabisa. Nikikosa Zegereni, narudi Kisarawe kung'oa mihogo na baba, na mgongo wa baba haufanyi kazi tena. Huu ndio mlango wangu, Wilfred. Sina mwingine."

Alisema hivyo akinitazama usoni. Nataka ieleweke kwamba nilisikia.

Nikachukua karatasi yake. La kwanza lilikuwa *honest*, mwaminifu. Nikafungua kamusi kwa taratibu, nikalamba kidole, nikamwandikia *jiaohua*, ambalo ni laghai. La pili *hardworking*, mchapakazi. Nikamwandikia *landuo*, mvivu. Mnyenyekevu akawa *jiaoao*, mwenye majivuno. Jasiri akawa *danxiao*, mwoga. Mkarimu akawa *linse*, bahili. Nikaenda hivyo mpaka la kumi, *grateful*, mwenye shukrani. Hapo nikaona si haki kumpa neno fupi, nikampa msemo mzima wa herufi nne, *wang en fu yi*, ambao Wachina huusema juu ya mtu anayetendewa wema akausahau.

"Hili refu ni zuri," Seif akasema, akilifuatisha kwa kidole. "Linakaa kama la mwisho. Lina heshima."

"Lina heshima sana."

Mwalimu Ponsiano aliipitia karatasi kwa rula. Herufi zote zilikaa ndani ya visanduku. Akaweka tiki kumi na chini akaandika: Vizuri mno.

Wiki mbili tulifanya mazoezi kila jioni nyuma ya matangi ya maji. Kichina ni lugha ya sauti kupanda na kushuka. Ukipandisha pa kushusha umesema kitu kingine. Nilimfundisha kwa moyo wote. Sijawahi kumfundisha mtu hivyo. "*Lan* inazama halafu inainuka. *Duo* inaanguka kama nazi. Tena." Akarudia mara hamsini, mkono wake ukichora milima hewani. Alipokosea hata unywele nilimrudisha mwanzo. Mwisho alikuwa akisema "mimi ni mvivu" kwa lafudhi ambayo mtangazaji wa Beijing angemwonea wivu.

Nilimwambia Gregori peke yake, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Halafu akaacha.

"Lakini utamwambia kabla ya siku, siyo?"

"Wewe unanionaje? Bila shaka."

Na nilimaanisha. Kila asubuhi nilimaanisha.

Siku ya usaili tulipanda gari la shule, Seif, Blessing wa mkondo B, mvulana mmoja wa mkondo C ambaye alitapika njiani na hakurudiwa na rangi yake siku nzima, na mimi. Mimi sikuwa mwombaji. Mama, ambaye ni afisa ofisi za mkoa, alikwisha kusema kwamba mwanawe hatakwenda kuchoma udongo wakati wenzake wako kidato cha tano. Nilichukuliwa kama mkalimani, maana Mwalimu Ponsiano siku hiyo alipatwa na tumbo. Tulisindikizwa na mwalimu wa nidhamu, ambaye Kichina chake kiliishia kwenye jina la kiwanda.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na vikombe vya maji ya moto matupu, yasiyo na majani wala sukari. Bwana Gao alikuwa mtu mfupi, mkavu, amevaa koti la kazi kama la wafanyakazi wake. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa Kichina wa uhasibu. Blessing alianza. Alikosea maneno matatu, la saba akalisahau, akalia, akapewa maji ya moto. Mvulana wa mkondo C alisema manne akaomba kutoka nje.

Kisha Seif akasimama. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Mikono nyuma, kidevu juu. Akafungua kinywa, na ikatoka kazi yangu yote ya wiki mbili, safi, bila kigugumizi, kila sauti mahali pake.

"Mimi ni laghai. Mimi ni mvivu. Mimi nina majivuno."

Nilikuwa nimepanga wacheke. Naomba hili liandikwe. Katika mpango wangu, kwenye la tatu wangeangua kicheko, ingejulikana ni utani, Seif angeaibika mbele ya watu kama mimi nilivyoaibika dirishani, na mambo yangeishia hapo kama mchezo wowote mzuri unavyoishia. Lakini kama Seif angesema vibaya, wangejua ni mwanafunzi aliyechanganya. Tatizo ni kwamba alisema vizuri mno. Hakuna anayesema vizuri namna ile kitu asichokijua. Kikombe cha Bwana Gao kilikuwa kimeishia njiani kwenda mdomoni, na hakikuendelea.

"Mimi ni mwoga. Mimi ni bahili."

Mama wa uhasibu alijiziba mdomo kwa kalamu. Alipofika kwenye la kumi, Seif akavuta pumzi na kulitoa polepole, herufi moja moja, kama mtu anayeweka vyombo vya thamani mezani. Kisha akainama kidogo. Mwalimu wa nidhamu akapiga makofi.

Bwana Gao akanigeukia. Akaniuliza kwa Kichina, "Huyu anaelewa anachokisema?"

Nilikuwa na sekunde kama tatu. Ningejibu haelewi, swali linalofuata lingekuwa: nani amemfundisha?

"Anaelewa," nikasema. "Hakuna anayekariri vizuri kama yeye."

Sentensi ya pili ilikuwa kweli tupu.

Bwana Gao akamtazama Seif, akamwuliza taratibu, kwa maneno mepesi ya kitabu cha kidato cha kwanza, "Kweli uko hivyo?"

Swali hilo Seif alilielewa bila msaada wa mtu. Uso wake ukawaka. "Kweli!" akajibu kwa Kichina. "Kila siku!"

Bwana Gao akafunga faili. "Mwambie asante," akaniambia.

"Amesema asante," nikamwambia Seif. Siku hiyo sikutafsiri kitu kingine kwa usahihi kama hicho.

Ndani ya gari Seif alikaa karibu nami. "Umeona alivyonitazama? Nilimgusa, Wilfred. Nilimgusa hasa." Gregori alipoyasikia jioni hiyo aligeukia ukutani, na mpaka tunamaliza shule hakuniambia neno zaidi ya "pisha" na "samahani".

Alichaguliwa Blessing. Seif alimbebea sanduku mpaka getini. Alirudi, akakaa kitandani kwake, akasema, "La mwisho nililivuta mno. Ulinionya, nikalivuta." Nilimwambia asijilaumu.

Mimi mambo yaliniendea vizuri, jambo ambalo vitabu vya dini vimelieleza lakini havijalitatua. Bwana Gao alipenda Kichina changu, na tulipomaliza mtihani akaniita nimsaidie kutafsiri kiwandani mpaka nitakapoanza kidato cha tano. Nilipewa kofia nyeupe, ambayo ni ya ofisini, na kiti chini ya kiyoyozi. Aliniahidi barua ya kuniombea nafasi ya chuo huko kwao. "Wewe nakuamini," alisema. "Mtu akicheza na maneno mbele yangu, sitaki kumwona tena. Wewe hukuficha tabia ya rafiki yako." Nilishukuru kwa Kichina sanifu.

Mwezi wa sita, Jumamosi asubuhi, Seif akaja nyumbani Picha ya Ndege. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa ya mkulima. Alimwamkia mama shikamoo mpaka mama akatoka jikoni kuja kumtazama vizuri. Kisha tukakaa barazani, akatoa kwenye mfuko wa nailoni ile karatasi, bado safi, tiki kumi za Mwalimu Ponsiano zikiwa juu yake.

"Kuna Mchina alikuja kutuchimbia kisima," akasema. "Nikamwonyesha, nikitaka ajue na mimi nimesoma. Akasoma, akanitazama, akacheka. Akaimulika kwa simu yake, simu ikaandika kwa Kiswahili." Akainyoosha karatasi juu ya goti. "Wilfred, unajua imeandikwa nini?"

Nikaangalia kuku wa jirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii. Nilikuwa na majibu matano, na miguu.

"Nimewaza wiki nzima," Seif akaendelea. "Nikagundua. Ni ile kamusi. Ilikuwa ya zamani sana, kurasa zimelegea. Tulikosea sote."

Alisema *sote*. Alikuwa amekuja kutoka Kisarawe kwa magari mawili kuniletea udhuru ambao mimi mwenyewe nisingethubutu kuutunga.

"Kamusi za zamani," nikasema, "ni hatari."

"Nisingetaka uumie moyo. Ulinifundisha kwa upendo." Akakunja karatasi. "Lakini nimesikia mwezi wa nane wanapeleka mwingine China. Na wewe uko pale. Nipeleke kwa Bwana Gao, umwambie. Mimi Kichina changu kinaishia kwenye yale maneno. Nikisema mwenyewe nitajitukana tena."

Ningekataa kwa sababu gani? Nilimpeleka Alhamisi.

Bwana Gao alikuwa uwanjani, katikati ya marundo ya vigae, chupa ya maji ya moto mkononi. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Alimtambua Seif kabla hatujafika.

"Ni yule," akaniambia. "Anataka nini?"

"Sema, Seif," nikamwambia.

Seif akasimama vilevile, mikono nyuma. "Mwambie shikamoo kwanza."

"Kichina hakina shikamoo."

"Basi mwambie namheshimu. Mwambie yale maneno hayakuwa yangu. Sikujua. Mimi si mvivu, aulize kwetu mtu yeyote, aulize shuleni. Sijawahi kumdanganya mtu, hata kwa mchezo. Mwambie kamusi ilitukosesha, mimi na wewe, na asikulaumu, nia yako ilikuwa njema. Anijaribu mwezi mmoja. Akiona uvivu, hata wa dakika moja, anifukuze." Akanivuta kiwiko. "Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Hotuba ilikuwa nzuri, na Kichina chake nilikuwa nacho chote. Neno la kamusi nalijua, la kudanganya nalijua, la kutojua nalijua. Nilianza kabisa: "Anasema..." Bwana Gao akanielekezea macho, yale macho ya mtu anayeniamini. Barua yangu ilikuwa kwenye droo yake, imeandikwa, imebaki kutiwa sahihi. Na siku ya usaili nilikuwa nimemwambia Seif anaelewa.

"Anasema anaomba radhi kwa mzaha wa mwaka jana," nikasema. "Alikuwa mtoto. Anaomba kazi yoyote, hata ya kubeba maboksi."

Bwana Gao alimtazama Seif kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yamemjaa Seif machoni, na hilo lilisaidia tafsiri yangu sana.

"Anayekiri kosa anaweza kunyooka," Bwana Gao akasema. "Apakie magari. Kibarua. Aanze Jumatatu. Nikimwona anafanya mzaha, nje." Akamnyoshea Seif mkono. Seif akaushika kwa mikono yake miwili. *Jumatatu* alikuwa ameisikia mwenyewe, siku za wiki tulifundishwa mwanzoni kabisa.

"Jumatatu?" akanigeukia. "Amekubali?"

"Amekubali."

"Ya tanuru? Ya China?"

Nyuma yake vijana sita walikuwa wanapakia lori, migongo imepakwa vumbi kama wamepigwa chokaa, hakuna anayezungumza.

"Kila mtu huanzia chini, Seif," nikasema.

Akanikumbatia pale pale mbele ya Wachina. Sikupenda.

Jumapili nikaitwa kwao kwenda kushukuriwa. Nilitafuta ugonjwa, sikupata. Mama akanifungashia kilo mbili za sukari za kupeleka, akasema rafiki kama yule ashikwe kwa mikono miwili.

Kwao ni mbele ya Kisarawe mjini, unaingia kushoto kwa bodaboda, mihogo kulia, mikorosho kushoto. Mzee Mwinyimadi alinipokea akiwa amejishika kiuno kwa sababu ya mgongo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, marahaba, karibu sana. Ndiye huyu? Ndiye huyu?" Mama yake Seif, Bi Mwanaamina, alikuwa amechinja jogoo. Kulikuwa na wali wa nazi, bamia, na majirani wanne waliokuja kumtazama mkalimani.

Kabla ya kula mzee akainua mikono. Aliomba kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili ili na mimi Mlutheri nifuate. "Ewe Mola, kijana huyu umlipe sawasawa na alivyomtendea mwanangu. Usimpunguzie hata kidogo."

"Amina," wakaitikia wote. Na mimi nikaitikia, tena kwa sauti, kwa sababu mzee alikuwa ananitazama.

Nilikuwa kwenye kijiko cha pili pikipiki ilipoingia uani. Kijana wa rika letu akatoka nyumba ya pili na godoro jembamba limekunjwa, ndoo, na sanduku la bati.

"Huyo ni Ashrafu, mtoto wa kaka yangu," mzee akasema. "Anakwenda chuo cha ufundi, umeme wa majumbani. Wanafungua kesho. Nafasi ilikuwa ya Seif. Nimeifuatilia tangu mwezi wa pili, nimewaomba watu huku na huku. Sasa Seif anakwenda China. Nikasema, riziki mbili kwa mtoto mmoja ni ulafi. Jana tumekwenda kubadilisha jina."

"Haiwezi kurudishwa?" nikauliza.

"Irudishwe ya nini?" mzee akacheka. "Majina yamefungwa jana."

"Lakini karatasi ya kubadilisha jina si bado anayo Ashrafu, mpaka aifikishe chuoni?"

"Anaifikisha leo jioni." Mzee akanigeukia, akaacha kucheka. "Kwani kuna jambo, mwanangu?"

Dereva wa bodaboda alikuwa anafunga godoro kwa mpira wa baiskeli. Mpira ulikuwa mfupi. Aliuvuta, ukamponyoka, akauvuta tena. Ashrafu akashika upande wa pili, godoro likafunguka, wakaanza upya. Nilikuwa na muda wa kutosha. Maneno yenyewe yalikuwa machache, tena ya Kiswahili, hayahitaji mkalimani. Seif alikuwa amesimama pale uani akimshikia binamu yake ndoo, akimwelekeza: "Usichelewe darasani. Usimsemee mwenzako uongo. Ukikosea, sema umekosea, watakusaidia."

Bi Mwanaamina akaniwekea paja lote la jogoo kwenye sahani. "Kula, mwanangu, usione haya. Hapa ni kwenu."

Majirani wanne walikuwa wananisubiri nijibu.

"Hakuna jambo, mzee," nikasema. "Nilikuwa namwombea heri."

"Amina."

Pikipiki ikawaka, ikazima, ikawaka. Ashrafu akapanda nyuma ya godoro, akatupungia. Seif alikimbia nayo mpaka kwenye mikorosho, akarudi akicheka, ametoka jasho, akanawa mikono na kukaa karibu yangu kwenye mkeka. Akaichukua sahani yangu, akaninyambulia nyama kwenye mfupa ili nisipate shida.

"Wilfred, kesho niwe getini saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu," nikamwambia. "Na vaa viatu vigumu."